Shule ya utangazaji niliyosoma: nyota tatu, na mbili ni za mzee mmoja

Haipiti wiki bila kijana kuniandikia: kaka, nataka kutangaza mpira, ile shule uliyosoma wewe inafaa? Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja, kwa mkato, na nakiri kila mmoja anapata jibu kulingana na nilivyoamka siku hiyo. Sasa naandika mara moja, kwa kirefu, kama mteja aliyenunua kitu, akakitumia miaka kumi na tisa, na anajua wapi kimechanika na wapi bado kinashika. Jina la shule silitaji. Mabaya nitakayosema ni ya enzi zangu, na huenda walishayarekebisha.

Nyota tatu kati ya tano. Ningeipima kwa vifaa pekee ingepata moja, tena kwa huruma.

Tangazo lao lilikuwa na picha ya studio inayong'aa, binti kavaa hedifoni anacheka. Tulipofika tukaonyeshwa chumba chenye zulia ukutani na maiki tatu, moja ndiyo inayosikika vizuri. Mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ilikuwa na vitelezi vinane vya kupandisha na kushusha sauti, na cha tatu kilikwama nusu ya njia. Aliyepangiwa hicho alisikika kama mtu aliyetumbukia kisimani. Wajanja tulikuwa tunawahi kufika ili tusikae kiti cha tatu. Hedifoni zilikuwa mbili kwa darasa zima, sponji zimeliwa, plastiki inabana sikio mpaka linawaka. Tuliandika barua kulalamika. Tukajibiwa kwa adabu kwamba vifaa vipya viko njiani. Mpaka namaliza mwaka wa pili vilikuwa bado njiani.

Kifaa kimoja tu kilikuwa cha maana, nacho kilifungiwa kabatini na kutolewa Jumatano: maiki ya mdomoni. Kwa asiyeijua, ina mshikio, juu yake kichwa chenye wavu wa chuma, na mbele ya wavu kuna kipande cha kuegemeza juu ya mdomo wa juu, hivyo umbali kati ya mdomo na maiki haubadiliki hata ukirukaruka. Ilibuniwa BBC miaka ya 1930 kwa ajili ya watu wa kazi yetu, na kanuni yake ni ileile mpaka leo. Ndani kuna utepe mwembamba sana wa metali ulioning'inizwa kwenye sumaku. Kelele za jukwaani, kwa kuwa zinatoka mbali, zinaufikia utepe pande zote mbili kwa nguvu karibu sawa, basi hautikisiki. Sauti yako iko sentimita chache tu, inausukuma upande mmoja. Unaweza kuwa katikati ya umati unaopiga vuvuzela na msikilizaji akakusikia kama uko naye chumbani.

Yetu ilikuwa na harufu ya midomo ya wanafunzi wote waliotutangulia. Tuliifuta kwa kitambaa chenye spiriti, spiriti ikaongeza harufu yake. Lakini ile maiki ilinifundisha jambo ambalo hakuna mwalimu angeniingizia kichwani, kwamba kupayuka hakuna faida. Ukipayuka humo sauti inapasuka, unasikika kama redio iliyoanguka. Ukisema kwa kawaida huku moyo unakwenda mbio, msikilizaji anasikia moyo. Bado nawasikia watangazaji wazoefu wakianza mechi kwa sauti ya dakika ya 90. Ikifika dakika ya 90 yenyewe hawana pa kupanda.

Sasa nije kwa mzee.

Alikuwa mwalimu wetu wa lugha asubuhi, na Jumatano mchana ndiye aliyetutoa uwanjani. Siku ya kwanza nilikidharau kipindi chake kuliko vyote. Nimekuja kujifunza kutangaza, nafundishwa vitenzi? Aliingia, akaandika ubaoni maneno mawili: MPIRA UMESIMAMA. Akageuka.

"Nini kimesimama?"

Kimya. Mmoja akasema, Mwalimu, ule wa kupigwa. Mwingine akasema, hapana, mchezo. Mzee akatikisa kichwa. "Mimi niko nyumbani na redio. Nimwamini nani kati yenu?" Tangu siku hiyo, kwa mwezi mzima, ilikuwa marufuku darasani kuita mechi "mpira". Mpira ni ule unaodunda. Mechi ni mechi, mchezo ni mchezo. Ilikuwa adhabu, kwa sababu ulimi umezoea, lakini nikija kusikiliza kanda zangu za zamani naona ni pale nilipoanza kueleweka.

Akaja na jambo la pili, ambalo mpaka leo nawafundisha wanaokuja kujifunza kazi kwangu. Wachezaji 22 uwanjani wote kwa Kiswahili ni "a-". Anampa, anamrudishia, anamtoka, anamwangusha. Nani kamwangusha nani? Kwenye televisheni haina neno, macho yanamalizia. Redioni umeshampoteza mtu. Sheria ya mzee: vitenzi viwili bila jina, cha tatu sitaki kukisikia. Halafu akatuonyesha ujanja ambao watangazaji wote wazuri wanautumia bila kuutaja: tanguliza kitenzi, jina lifuate. "Anauchukua pale... namba sita." "Anaingia ndani ya boksi... winga wa kushoto." Kiswahili kinakuruhusu, na ile nusu sekunde kati ya kitenzi na jina ndiyo nafasi yako ya kusoma jezi. Nikisema jina kwanza nikakosea, nimekosea. Nikianza na kitenzi, nina muda wa kupumua na kuangalia.

Na "-na-" na "-me-". Hapa alikuwa mkali kupita kiasi. "Anapiga" inamnyanyua msikilizaji kitini, "amepiga" inamkalisha. Ukisema "amepiga" wakati mguu bado uko nyuma, umemmalizia hadithi kabla haijaanza. Ukisema "anapiga" wakati kipa ameshaudaka, umemdanganya. Alikuwa akitusikiliza na penseli, kila "-me-" iliyowahi anachora mstari, na mwisho wa kipindi anakuonyesha karatasi. Yangu ya kwanza ilionekana kama uzio.

Jumatano sasa. Uwanja wa shule ulikuwa na vumbi, magoli bila nyavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na wanaocheza ni wenzetu wa madarasa mengine. Mzee alikuwa akibeba kiti na meza ndogo, anaviweka pembeni, kisha anakaa AKIUPA UWANJA MGONGO. Mezani ana kadibodi aliyoichora uwanja kwa wino: mstari wa kati, boksi mbili, duara. Juu ya kadibodi anaweka kizibo cha chupa. Kizibo ndicho mpira. Wewe unasimama nyuma yake na maiki ya mdomoni, unatangaza. Yeye haoni kitu. Anasogeza kizibo kufuata maneno yako, basi.

Ukisema "shuti kali sanaaa!" kizibo hakiendi popote. Shuti kutoka wapi? Kwenda wapi? Mkono wake unabaki hewani, vidole viwili vimeshika kizibo, unasubiri. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama ule mkono. Unaona kabisa kwamba umesema maneno kumi na matano na hujasema lolote. Ukisema "beki wa kulia, karibu na mstari wa kati, anapiga ndefu kwenda kona ya kushoto," kizibo kinateleza, kinatua, na mzee anaitikia kwa kichwa kidogo tu. Na kushoto ni kushoto kwa nani? Alitulazimisha tuanze kila kipindi kwa kumwambia timu ipi inashambulia kutoka kushoto kwenda kulia, na baada ya mapumziko tugeuze. Aliyesahau kugeuza alikuta kizibo kinaingia goli la timu yake mwenyewe.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua mzee hakulibuni hewani lile zoezi la kizibo. Januari 1927, BBC ilipotangaza mechi moja kwa moja kwa mara ya kwanza, ya raga kati ya England na Wales pale Twickenham, mtangazaji Teddy Wakelam aliwekewa mtu asiyeona karibu naye ili amsimulie yeye, na kibao mbele yake kinachomkumbusha asitukane. Wiki moja baadaye, tarehe 22 Januari, ikawa zamu ya soka, Arsenal na Sheffield United uwanjani Highbury, ikaisha 1-1. Jarida la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba minane yenye namba. Wakelam anasimulia, na sauti ya pili inataja mpira uko mraba wa ngapi, msikilizaji nyumbani anafuatisha kwenye karatasi. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Kadibodi ya mzee ilikuwa hiyohiyo, ila kwake miraba ilikuwa kichwani.

Aibu yangu kubwa niliipata hapo. Ilikuwa nusu fainali ya madarasa, na nyavu siku hiyo zilikuwepo, labda ndiyo maana niliponzeka. Mshambuliaji akaachia kombora, wavu ukatikisika, nikalipuka: gooooli! Nilivuta hiyo "o" mpaka kifua kikauma. Mzee akasogeza kizibo taratibu mpaka ndani ya goli, akakunja mikono. Nikafungua macho. Refa anaonyesha golikiki. Mpira ulikuwa umepiga wavu wa pembeni, kwa nje.

"Mwalimu, samahani, siyo goli."

"Kwangu ni goli. Mimi sioni. Ulinipa wewe."

"Limekataliwa."

"Limekataliwa au hukuliona?"

Hakukitoa kizibo. Nikalazimika kusema kwenye maiki, wenzangu wote wanasikia, kwamba nimekosea, mpira uligusa wavu wa nje, matokeo bado ni sare, samahani msikilizaji. Hapo ndipo alipokichukua na kukiweka kwenye boksi dogo kwa golikiki. Tangu hapo mimi sitazami wavu. Namtazama refa, kisha mshika kibendera, halafu ndiyo nalipuka. Wenzangu kazini wananiita mchelewaji wa magoli. Sawa. Ninachelewa sekunde moja, na mara kadhaa hiyo sekunde imeniokoa mbele ya watu wengi mno kuliko wale wa uwanja wa vumbi.

Redio ya shule nayo niitendee haki. "Redio" ni neno kubwa. Ilikuwa waya unaotoka studio mpaka spika ya bwalo. Tulisoma matokeo wakati wanafunzi wanakula, na hakuna msikilizaji katili kama mwenye njaa. Ukiboa, wanagonga sahani. Nilijifunza kutaja matokeo kwanza na hadithi baadaye kwa sababu ya zile sahani. Naona wengi wakubwa wa kazi hii walianzia mahali kama pale. Red Barber, aliyekuja kuwa sauti ya besiboli Marekani, mwaka 1930 alikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Florida, akaombwa asome redioni pale chuoni mada ya profesa aliyekosekana. Mada yenyewe ilikuwa ya uzazi wa ng'ombe! Akakolea. Huyohuyo baadaye alikuwa akiweka mezani kijisaa cha mchanga cha kuchemshia mayai, mchanga ukiisha anataja matokeo, anakigeuza. Ronald Reagan, kabla ya sinema na urais, alikwenda majaribio ya redio mwaka 1932, akaambiwa atangaze mechi ambayo haipo. Akasimulia kutoka kichwani mechi ya futiboli ya Kimarekani aliyoicheza mwenyewe chuoni Eureka. Akapewa kazi. Vin Scully, naye wa besiboli, alianzia redio ya wanafunzi ya Chuo Kikuu cha Fordham, akaenda kuitangazia timu ya Dodgers misimu 67, kuanzia 1950 hadi 2016. Barber na Scully chuo kiliwapa mahali pa kukosea kabla watu wengi hawajawasikia, na Reagan kilimpa mechi ya kusimulia.

Hilo shule yangu ililitimiza, sina budi kukiri. Ila kuna mambo ilinidai.

Kulikuwa na somo la "sauti ya redio", mwalimu mwingine, ambaye alitaka wote tuzungumze kwa besi kama tumemeza pipa. Nilitoka na sauti siyo yangu na ikanichukua mwaka mzima kazini kuivua. Nusu ya madokezo yalikuwa kopi ya kopi, maneno ya pembeni yameliwa na mashine. Hakuna aliyetufundisha kuandaa mechi: namna ya kupata orodha ya vikosi mapema, kumwuliza mchezaji au ofisa wa timu jina linatamkwaje, kuandika kila namba ya jezi kwa rangi ya timu yake kwenye karatasi moja ambayo jicho linaisoma kwa kupepesa. Hayo nilijifunza kwa fundi mitambo mmoja kazini, siyo shuleni. Mkataba hatukuonyeshwa hata mmoja. Wa kwanza kuusaini niliusaini nimesimama. Na cheti, ambacho wasajili walikisifu kama hirizi, hakuna mhariri aliyewahi kuniomba. Waliniomba kanda.

Jambo jingine linaniuma zaidi sasa kuliko wakati ule. Darasani tulikuwa na dada watatu. Mmoja wao alikuwa anaupeleka mkono wa mzee bila kusimama hata mara moja, dakika kumi nzima, kizibo kinateleza kama kimepakwa mafuta. Sisi wote tulijua yeye ndiye bora. Ofisi ilimshauri achukue usomaji wa habari, kwamba "mpira ni kazi ya sauti za kiume". Akachukua. Mzee peke yake ndiye aliyepinga, na mzee hakuwa na sauti ofisini. Nyota moja kati ya mbili ninazozikata, naikata hapo.

Televisheni nayo hawakuigusa kabisa, wakati wengi wetu ndiko tulikoishia. Nilihamia kwenye picha na mazoea ya redio, naeleza kitu ambacho mtu anakiona kwa macho yake. Nilikuja kutulia niliposikiliza kanda ya Scully ya tarehe 8 Aprili 1974, siku mchezaji wa besiboli Hank Aaron alipopiga hom rani, yaani pigo la kuuvusha mpira juu ya uzio, ya 715 maishani mwake na kuipita rekodi ya Babe Ruth. Anaufuata mpira mpaka unavuka uzio, kisha ananyamaza, anauacha uwanja upige kelele zake. Mtu mwenye maneno kama yule, na akanyamaza. Mzee wetu angemwachia kizibo palepale kilipo, asingehangaika.

Kwa hiyo nikujibu wewe uliyeuliza. Kama unataka studio ya kisasa, simu yako ina maiki nzuri kuliko zile tatu, nenda kafanye mazoezi kwenye mechi za mtaani ukiisikiliza sauti yako usiku. Kama unataka cheti cha kutundika, kinapatikana kwa muda mfupi zaidi kwingine. Ikiwa huna mahali pa kukosea mbele ya watu, na unahitaji mtu wa kukukataza neno "mpira" mwezi mzima, jiandikishe, lakini usilipe kabla hujaenda kuangalia. Mzee alistaafu, na mimi sijarudi pale kuona nani alishika nafasi yake. Nenda Jumatano mchana, siyo siku ya wageni. Pita ofisini bila kusimama, nyoosha mpaka uwanjani, uangalie kiti cha mwalimu kimeelekea wapi. Kama kinatazama mechi, rudi zako nyumbani. Ukikuta mtu amekaa kaupa uwanja mgongo, mkono uko hewani, anasubiri, uliza fomu zinatolewa wapi.